Ombi la Kuandikishwa Mwanaharamu wa Mfalme

Kwa Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Nembo za Koo, London.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni Lettice, kifungua mimba wa Lodi Wroxby, miaka ishirini na sita, sijaolewa. Naona haya kulisema, lakini haya haimpi mtu mume: mimi ni mtoto wa halali. Kosa si langu, nami naomba ulisahihishe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wadogo zangu, Arabella na Jocelyn, ni wa Mfalme. Hakuna asiyejua; nyusi zao nyeusi ni zake tupu. Jocelyn ana miaka sita, bado anakojoa kitandani, na tayari cheo chake kimempita baba. Tukiitwa mezani hutangulia yeye, kisha Arabella, halafu mimi nyuma kabisa na kasisi. Paja la paa likitufikia limebaki mfupa.

2. Baba hana msaada. Nilipomlilia alinijibu, "Kitanda hakizai haramu, mwanangu," akaendelea kulisha mbwa wake. Mfalme alimpa misitu miwili ili afumbe macho, basi siku hizi hata mchana anatembea akipapasa.

3. Mama ndiye aliyeniponza. Miezi tisa kabla sijazaliwa Mfalme alikuja kuwinda kwetu, mvua ikamzuia siku mbili. Siku mbili, Mheshimiwa! Nikamwuliza mama kwa adabu. Alicheka hadi machozi. "Wewe? Wewe ni wa baba yako, mwanangu. Pole sana." Yaani miaka yote hiyo, akachagua kuwa mwaminifu mwaka ule ule!

4. Hapa ndipo panaponichoma. Peregrine Ashcombe ananipenda, nami nampenda, jamani, hadi chakula hakipiti. Lakini baba yake, Bwana Humphrey, hataki mkwe asiye na damu ya Mfalme. Alinitazama juu hadi chini mbele za wageni, akasema, "Binti wa ndoa! Ukoo wetu haujawahi kubahatika na damu ile hata tone, na leo mwanangu aniletee huyu?" Amenipa hadi Jumapili. Baada ya hapo atamposea Arabella.

Kwa hiyo naomba mnichoree kwenye nembo ule mstari wa mshazari mnaowachorea watoto wa nje wa Mfalme. Wino kidogo tu. Mfalme mwenyewe hatagundua. Hata wale wa kweli hawamalizi kwa majina. Ukitaka ushahidi, nitapaka nyusi masizi.

Nisalimie mkeo na watoto, wawe wa nani wawe.

Wako mtiifu, wa halali kwa sasa,
Lettice Wroxby

Nyongeza: Mheshimiwa, usichore! Weka kalamu chini! Nilimpelekea Bibi Ashcombe, mama yake Peregrine, nakala ya barua hii, nikidhani atafurahi. Amekuja mbio bila kofia, akanivutia pembeni, akaninong'oneza kwamba Peregrine naye ni wa Mfalme. Mumewe tu ndiye asiyejua. Ukinipa damu ile utakuwa umeniozesha kaka yangu! Naapa mimi ni wa baba. Masikio yangu ni mapana kama yake, njoo uyapime. Naomba cheti cha uhalali chenye muhuri mkubwa, kifike kabla ya Jumapili. Bwana Humphrey tuachie sisi wanawake. Bibi Ashcombe anasema amewapitia mabinti wa jimbo zima, mmoja mmoja kwa vidole, na asiye dada yake Peregrine ni mimi peke yangu.