Kinyozi Aliyeungoja Mshumaa Ufunge

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, mwenye kikombe akishushe na mwenye haraka aisahau, mpate kusikia habari za Kinyozi, Bwana wa Wembe, Mtiisha Ndevu Sugu, na vita alivyopigana kwa dakika nne na kidole chake mwenyewe. Nami nilikuwepo, nimekaa benchini nikingoja zamu yangu. Anayebisha na abishe.

Asubuhi hiyo kitini alikuwa baba mkwe wake, shavu la kulia limekwisha nyolewa, la kushoto limejaa povu. Mbele ya kioo simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la poda, na ndani yake mishumaa ya bei ya dhahabu imejipanga safu, ya kijani bei ilikopanda, myekundu ilikoshuka. Kila mmoja huishi robo saa: mwili wake huonyesha bei ilipoanzia na ilipoishia, na tambi zake huonyesha ilikofika ikarudishwa.

Ghafla Kinyozi akapiga ukelele. "Nyundo! Enyi watu, nyundo!"

Nyundo, kwa msiojua, ni mshumaa wenye mwili mfupi juu na utambi mrefu chini, ukitokea baada ya bei kuporomoka. Wauzaji wameivuta bei chini, wanunuzi wameirudisha, na huenda sasa ikapanda. Lakini haiwi nyundo mpaka mshumaa ufunge, yaani robo saa yake iishe, na sheria hiyo Kinyozi alikwisha ivunja mara tatu, kila mara kwa ushujaa mkubwa na hasara kubwa zaidi. Mara ya tatu mkewe, anayesuka nywele upande wa pili wa pazia, aliapa: ukinunua tena kabla mshumaa haujafunga, programu hiyo ya kununulia dhahabu naifuta simuni kwa mkono wangu. Na mama yule akiapa ameapa. Kinyozi naye aliipenda programu ile, msimcheke, maana ndicho kitu kipya pekee alichojifunza tangu ashike wembe.

Pazia likafunguka. "Zimebaki dakika ngapi?" mke akauliza.

"Nne, ewe taa ya nyumba yangu! Lakini litazame umbo lake! Utazame utambi! Majeshi ya wanunuzi yameamka, yanakuja kwa vishindo, nami nikae kama kisiki?"

"Kaa."

"Bahati ikipita hairudi!"

"Ipite. Kaa."

Kidole kikainuka, kikaelea juu ya kitufe cha kununua. Ndipo baba mkwe akanena kutoka ndani ya povu: "Mwanangu, shavu langu linakauka."

Loo! Shujaa akaipa simu mgongo. Akashika wembe kwa mkono wa kulia na sikio la mkwe kwa wa kushoto, ili mikono yote miwili iwe na kazi, akanyoa. Akanyoa shavu, akanyoa kidevu, akanyoa na shingo isiyokuwa na unywele hata mmoja.

"Bado?" akauliza, jasho likimtiririka.

"Bado mbili!" tukajibu benchi zima.

"Na sasa?"

"Zile zile mbili! Nyoa!"

Hatimaye mshumaa ukafunga, akageuka. Nyundo haikuwepo. Dakika ya mwisho bei ilianguka, mwili ukashuka ukaumeza utambi wote, na pale palisimama mshumaa mrefu, mwekundu kutoka juu hadi chini. Angenunua, angeanguka nao.

Tulishangilia mpaka kopo la poda likapinduka. Mimi nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

"Nimeona mengi," akasema baba mkwe akijipapasa kidevu, "lakini mtu kushangiliwa kwa kutofanya kitu, ndiyo leo."

Mke akaiokota simu. Akaifuta vinyweleo kwa kanga, akamrudishia mumewe.

Basi na iandikwe, wasome watakaokuja: siku hiyo Kinyozi hakununua wala hakuuza, na mkewe alivuta kigoda, akaketi ubavuni pake, akasema, "Haya, nifundishe na mimi."