Uzinduzi wa Kochi Jeupe la Mtaa wa Gulbog

Wazee wetu wa safu ya mbele wenye ndevu za heshima, Mheshimiwa Imamu, Mheshimiwa Daktari wa Mifugo unayemwakilisha Mkuu wa Wilaya, Mwalimu Mkuu Mstaafu, Mpishi Mkuu wa Pilau za harusi na matanga, kina mama wa Kamati ya Harusi, na kina mama ambao hammo katika Kamati lakini mnasema kuliko Kamati: mimi Turgunboy Ergashev, mwenyekiti wenu kwa awamu ya tatu bila mpinzani kujitokeza akiwa na afya njema, (makofi, safu ya mbele) nasimama kuzindua rasmi Mradi Shirikishi wa Kuinua Makalio ya Wananchi kutoka Sakafuni, ambao matunda yake ni kochi hili jeupe la kisasa mnaloliona hapa mbele yenu likiwa limefunikwa shuka.

Niseme ukweli, kulichagua haikuwa kazi ya mchezo. Kamati teule ya wataalamu, wengi wao wakiwa shemeji zangu kutokana na uharaka wa zoezi, ilisafiri hadi Tashkent kufanya upembuzi yakinifu. Tulikalia kochi la kahawia, tukasinzia. Tulikalia la kijani, shemeji mmoja akavua viatu na kuanza kutafuna mbegu za alizeti. Lakini tulipofika kwenye jeupe, ndugu wananchi, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nikasema hapohapo: maendeleo ni haya, kitu kinachomfanya mtu aogope kukaa. (Kicheko. Sauti ya mwanamume: "Na yule kondoo tuliyewachangia safari mlimlia wapi?") Suala la kondoo lilijibiwa katika kikao kilichopita.

Kitakwimu, kabla ya mradi asilimia tisini na sita ya wakazi wa Gulbog walikuwa wakikaa chini, juu ya magodoro ya atlasi, kama walivyokaa bibi zao. Mkaitikia wito. Kila nyumba ikakabidhi magodoro yake kwa ofisi yangu, ili kochi lizunguke kwa zamu kwa kila mwenye wageni. Leo najivunia kutangaza kwamba katika mtaa huu hakuna hata mtu mmoja anayekalia godoro. (Ni kweli. Mkutano mzima umesimama. Wazee tu ndio wamekalia makreti ya nyanya.)

Sasa, namna ya kuishi na kochi jeupe. Chai hairuhusiwi karibu nalo. Komamanga na cheri ni marufuku katika chumba kizima. Mtu aliyekula pilau atasubiri mpaka mafuta ya mkia wa kondoo yatoke vidoleni, jambo ambalo kitaalamu halijawahi kutokea. Dada zetu waliopaka nyusi rangi iliyokamuliwa majani wasiegemee. Na shuka halitaondolewa, kwa sababu ile ile inayotufanya sote tuache plastiki kwenye jokofu la harusi mpaka jokofu life. (Minong'ono ya kukubali.) Kwa ufupi, kochi hili ni haki ya kila mwananchi, mradi asilikalie.

(Mwanamke katikati ya umati ananyoosha mkono. Ni Bi Mavjuda, mfumaji wa hariri. "Mwenyekiti, kaka yangu, kesho ni zamu yangu. Washenga wa binti yangu Zilola wanakuja. Kochi nitaletewa saa ngapi?")

Swali zuri sana, dada yangu, na linaonyesha mwamko. Uwasilishaji utafanyika kwa kuzingatia mwongozo ambao...

("Saa ngapi? Magodoro ya mwanangu nimeyashona tangu ananyonya, nikakupa yote. Unawajua washenga: hawamtazami binti, wanatazama rundo la magodoro juu ya sanduku lake limefika wapi. Kesho wakikuta sanduku tupu, na kochi halipo, watamaliza chai na kuaga!" Sauti za wanawake: "Mpe kochi lake!" "Funua!" "Wewe kaa kwanza tuone!")

Utulivu, tafadhali. Kuthibitisha ubora, mimi mwenyewe, nikiwa nimeoga, (kicheko kirefu) nitalikalia kwa niaba yenu nyote.

(Mwenyekiti anakaa. Kochi linazama upande wa kushoto. Egemeo la mkono linateleza chini ya shuka na kuanguka mavumbini. Ni godoro la atlasi jekundu, limekunjwa mara tatu na kufungwa kamba.)

("Hilo la Zilola!" anasema Bi Mavjuda. Kikongwe aliye kando yake: "Na mgongo wa kochi ni godoro langu, lile la zambarau!")

Kama mnavyojionea, ndugu wananchi, kochi lina maudhui ya ndani kwa kiwango cha juu. Kochi lenyewe kwa sasa liko katika hatua ya mawazo, na mawazo ni meupe. Kilichopo hapa ni mfano wake... Mzee wangu, usivute kutoka chini, nimekaa! (Watu wanavuta. Kila nyumba inatambua lake. Mwenyekiti anashuka taratibu pamoja na kochi.)

Kochi jeupe, hoyee! (Watu wanahesabu magodoro yao.) Gulbog ya kisasa, hoyee! (Daktari wa Mifugo anaanza kuitikia, anaacha.)

Nimalizie kwa kuwashukuru kwa dhati kwa kutoa magodoro yenu, maana bila nyinyi kochi hili lisingekuwepo. Na sasa mmeshayachukua, halipo. Lakini rangi tuliyoichagua ipo, na hakuna wa kutunyang'anya. (Amekaa chini. Anainua shuka juu kwa mikono miwili.)

("Shuka nalo langu," anasema Bi Mavjuda, akiwa amebeba magodoro yaliyompita kichwa. "Lete, kaka. Kesho nina wageni.")

(Anampa. Makofi, safari hii kutoka safu zote.)