Mgombea Mwenza wa Chiwata

Jumapili, 11 Agosti 1996
Jumamosi ijayo chama cha msingi cha korosho kinachagua mwenyekiti. Lazima nipate. Nimeoa hapa Chiwata, naishi kwa wakwe, na mpaka leo naitwa mgeni. Mwenyekiti haitwi mgeni.

Tatizo ni Husseni. Kundi lake linataka korosho zote zipitie chamani. Sisi tunataka kumwuzia mfanyabiashara yeyote mwenye mizani. Wao wengi.

Leo redio imenifumbua macho. Marekani nako wahafidhina wana makundi: wa kubana bajeti, wa kupunguza kodi, wa dini. Mgombea wao wa urais kamchukua mtu aliyekuwa akibishana naye miaka yote, kamfanya mgombea mwenza, ili kundi lile limfuate. Hiyo ndiyo akili!

Jumatatu, 12 Agosti
Mwenza nimempata. Fikirini, fundi baiskeli, mtu wa kundi la Husseni, anapendwa na kila mtu. Nimemwendea baba yake, Mzee Ashiru, na jogoo mkononi. Kaitika marahaba kabla sijamaliza shikamoo. Kakubali palepale.

Mke wangu Anjelina kauliza kama nimemwona mjomba wa Fikirini. Mjomba mwenyewe ni Husseni. Nikamwambia huo ndio utamu, tunaipasua nyumba yao. Akasema huku kwao mtoto ni wa wajomba zake, baba ni wa kula jogoo tu. Akabeba salfa, akaenda kupulizia mikorosho. Siasa za kimataifa hazimwingii.

Jumatano, 14 Agosti
Kundi langu limenuna. Barnaba, mpiga debe wangu, anasema wangetaka watu wa Husseni wangemchagua Husseni. Nikamweleza habari za Marekani. Akauliza Wamarekani wana mikorosho mingapi. Haoni mbali.

Jumamosi, 17 Agosti
Mkutano. Nikamwita Fikirini asimame nami. Akasimama, akavuka uwanja, akamwamkia mjomba wake, akakaa kando yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baadaye kaniambia kwa adabu kwamba mjomba hakuulizwa.

Kura za mikono. Iliyonyooshwa kwangu ilikuwa michache hata msimamizi akauliza kama na mimi nimepiga. Barnaba alikuwa anajikuna.

Kisha Husseni akasema chama kisigawanyike, makamu atoke upande wetu. Nikafunga vifungo vya shati. Akamtaja Anjelina. Kumbe jana Husseni alikwenda kwa kaka zake Anjelina kuomba ruhusa. Mikono yote juu, na wa Barnaba wa kwanza.

Nimeumia sana. Nimerudi nyumbani peke yangu. Makamu alikuwa na kikao.

Jumapili, 18 Agosti
Kanisani wamenisalimia Mume wa Makamu. Wakati wa mahubiri nimetafakari. Njia ya Wamarekani haina kasoro, nilikosea mtu tu. Uchaguzi ujao mwenza wangu ni Somoe, mke wa Husseni mwenyewe. Kesho alfajiri naenda Newala kumwomba baba yake. Jogoo nimeshamfunga miguu.