Kiuno cha Baba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepimwa. Sikutaka! Mke wangu alisema nimsindikize zahanati akapime presha, nikaenda kama mume mwema, kumbe zamu ilikuwa yangu. Kilo tisini na saba. Presha juu. Nesi akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni fundi nguo, nakaa kwenye cherehani kutwa nzima. Akasema anaona.

Anataka nipungue polepole: nusu kilo kwa wiki, au moja nikijitahidi. Mboga ziongezeke kwenye sahani, mafuta na sukari vipungue, nitembee nusu saa kila siku, na kila Jumatatu nirudi kwake anipime. Kwa muda gani? Miezi sita! Nikamweleza kwamba binti yangu anaolewa tarehe ishirini na mbili mwezi huu, na suti nitakayovaa najishonea mwenyewe. Wageni watamtazama bibi harusi mara moja, halafu watanigeukia mimi kuona fundi amevaa nini. Nesi akanijibu kwamba moyo wangu haujui tarehe ya harusi.

Mwanamke mgumu sana yule.

Jumanne, 4 Machi

Sindano amenicheka. Sindano ni fundi mwenzangu. Tumegawana chumba kimoja, dirisha moja na meza moja ya kukatia kwa miaka kumi na tisa. Ni mwembamba kuliko mkono wa pasi, na anakula kama watu wawili. Hakuna haki duniani.

Nimeamua kuchagua mpango kwa akili, si kwa pupa. Nesi alinipa karatasi: mpango salama unakuuliza kwanza unaumwa nini na unatumia dawa gani, haukushindishi njaa, hauahidi miujiza, na unaweza kuishi nao miaka. Nikachora jedwali nyuma ya kitabu cha oda, nikatoa alama. Mpango wa nesi: tisa kwa kumi (moja nimeikata kwa sababu ya ulimi wake). Unga wa shemeji, kaka wa mke wangu, unaomaliza kitambi kwa siku tisa: mbili kwa kumi. Moja ya kopo zuri, moja ya udugu.

Nesi ameshinda kwa mbali. Kwa hiyo nitaanza mpango wake harusi ikipita. Kwa sasa nachukua unga.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya pili ya unga. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, chakula marufuku. Tumbo linaunguruma hadi wateja wanageuka. Mara sita chooni kabla ya saa nne! Saa sita macho yakafanya giza, nikaendelea kukanyaga cherehani hivyo hivyo, na nilipozinduka nilikuwa nimeshona mkono wa shati langu kwenye pazia la mteja. Sindano akanifumua taratibu. Akauliza kama pazia nalo linakwenda harusini.

Jumapili, 9 Machi

Binti amekuja. Akaliona kopo juu ya kabati, akaligeuza huku na huku akitafuta limetengenezwa na nini. Limeandikwa tu "siri ya asili". Akaenda kulimwaga lote, mbele ya mjomba wake! Shemeji akajitia kutazama dari.

Kisha akalia, na mimi siwezi kustahimili hilo. Akanikumbusha baba yake mkubwa, kaka yangu, alivyoanguka dukani kwake akiwa na umri huu huu nilio nao mimi. Akasema hana haja na suti. Ana haja na baba, wa kumpeleka ukumbini siku hiyo na wa kuwabeba wajukuu baadaye. Akataka nimwahidi kwamba nitafuata mpango wa nesi.

Nikaahidi. Niliogopa, sitaficha. Nilimkumbuka kaka yangu na viatu vyake vilivyobaki pale mlangoni.

Ila nimefikiri tena jioni hii, na kwa kweli binti hakusema nianze lini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata mpango wangu mwenyewe! Hauna unga wala njaa wala nesi. Nimechukua futi yangu, ile ya kitambaa ninayoning'iniza shingoni kupimia wateja, nikaifunga tumboni chini ya shati, fundo pale pale kwenye inchi arobaini na nne. Nikila kupita kiasi inabana, naacha. Tumbo lenyewe litajifunza adabu.

Nimeipa alama kumi kwa kumi kwenye jedwali. Zahanati sikwenda, maana ningekwenda kusema nini?

Alhamisi, 13 Machi

Arobaini na tatu! Nimepima mara tatu! Na leo nimeonja keki za harusi aina nne, kwa ajili ya binti, ili asije akachagua mbaya. Futi ilibana sana kwenye ya tatu, nikavuta pumzi, ikakubali.

Usumbufu ni mmoja tu. Akija mteja inabidi niifungue, nimpime, niifunge tena. Mama mmoja wa blauzi amelalamika kwamba futi ina joto na ina unyevunyevu. Nimemwambia ni hali ya hewa.

Jumatatu, 17 Machi

Arobaini na mbili! Kwa wiki moja! Bila kutembea hata hatua! Nilitamani kumpitia nesi nimringie, lakini suti kwanza. Nimetandaza kitambaa cha kijivu, kile nilichokihifadhi tangu binti yuko sekondari, nikapima kwa rula ya chuma iliyopigiliwa misumari ukingoni mwa meza, nikakata. Arobaini na mbili kamili. Sindano akaniuliza mbona sijaacha akiba ya kushonea kiunoni, ya kufumua mbele ya safari. Nikamwambia akiba ni ya watu wenye wasiwasi. Akainama kuokota vipande sakafuni, maana huwa hapendi uchafu.

Mchana mwalimu mkuu amerudisha suruali niliyomkabidhi Ijumaa. Inambana. Ni mteja wa pili kurudisha nguo, baada ya mama wa blauzi Jumamosi. Nikamweleza kwa upole, mgonjwa kwa mgonjwa, kwamba amenenepa, na kwamba upo mpango mzuri wa futi. Ameondoka bila kuaga. Ukweli huwauma watu.

Alhamisi, 20 Machi

Aibu. Aibu! Suti imekwisha, mshono wa maisha yangu. Koti limenikaa vizuri, kwa kuwa halifungwi. Suruali imegoma. Nimevuta pumzi, nimelala juu ya meza ya kukatia, nimemwita mke wangu avute upande mmoja na shemeji upande wa pili. Kifungo kimeruka, kimegonga kioo.

Sindano akaja, akanifungua futi tumboni bila kuomba ruhusa, akainyoosha juu ya rula ya chuma. Tukainama wote wanne. Inchi arobaini na mbili ya futi yangu imeangukia kwenye arobaini na tano ya rula!

Tumbo halikupungua. Liliivuta futi siku kumi, na jasho likasaidia. Tena limeongezeka inchi nzima juu yake. Sikujua niweke wapi uso. Mwalimu mkuu wa watu! Mama wa blauzi wa watu!

Nilingoja Sindano acheke. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefika kazini nikamkuta Sindano ameshafika, suruali yangu iko kwenye cherehani yake. Vile vipande vya kijivu alivyookota Jumatatu alivitunza kwenye droo. Alijua! Ameunganisha kipande cha pembetatu nyuma, chini ya mkanda, na koti linakifunika chote. Nimetafuta mshono kwa kidole nikaukosa. Inafunga, na pumzi inapita.

Nikamuuliza kwa nini hakunionya kuhusu futi. Akasema alinionya mara mbili, nikamwambia ana wivu. Akanipa futi mpya, ya plastiki yenye nyuzi ndani, isiyovutika. Zawadi. Akasema Jumatatu niende kwa nesi, kwa kuwa hataki kubaki na dirisha lote peke yake.

Nikajifanya natafuta mkasi. Jioni tumezifumua nguo za mwalimu mkuu na za mama wa blauzi, na wote wawili nimewaomba radhi.

Jumapili, 23 Machi

Jana nimempeleka binti yangu ukumbini. Tulitembea polepole, mkono wake kwenye mkono wangu, na sikuhema hata kidogo. Watu wameisifu suti. Sindano alikaa safu ya pili, akainua kidole gumba tu, na mimi nikaelewa kwamba kile kipande hakionekani. Mlangoni binti alininong'oneza akiuliza kama nimeshaanza kwa nesi. Nikamwambia Jumatatu. Nilimaanisha kabisa! Akanibana mkono, machozi yakanitoka mbele ya wapiga picha.

Leo nimepumzika nikayatafakari yote haya kwa utulivu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye futi.

Na sasa ninayo isiyovutika. Nikienda kesho zahanati mikono mitupu nesi atanisema bure, bora nikae nayo wiki mbili hivi nimpelekee namba ya maana. Nimeifunga tayari, chini ya shati, kwenye arobaini na tano. Suruali ina nafasi, na kwenye friji imebaki nusu ya keki. Nimekula kipande kimoja kuijaribu.

Inabana vizuri sana.