Kikopo cha Nyuma ya Ukumbi

Manukato alikuwa na kazi moja tu ya kudumu: kupita. Alipita mitaani akinukia kama duka la kinyozi, shati limenyooshwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, akitafuta mtu anayetamani kitu asichokitolea jasho. Watu wa namna hiyo hawajawahi kuadimika, ndiyo maana Manukato hakuwahi kulala njaa.

Siku hiyo alikuwa akipita nyuma ya ukumbi wa kanisa, lile jengo kongwe la mawe ambalo mtaa mzima hulisifia na hakuna anayelipaka rangi. Akawaona wageni wawili, mume na mke wenye kofia pana, wamechuchumaa kando ya bomba la maji ya mvua, simu mkononi. Mume akasogeza jiwe, akatoa kikopo. Wakachungulia, wakacheka, wakachukua kifungo cha koti, wakaweka chura wa plastiki. Kisha wakarudisha kila kitu mahali pake na kuondoka wamefurahi kama watu waliopandishwa cheo.

Manukato hakuelewa alichokiona. Lakini kutoelewa kitu hakujawahi kumzuia kukiuza.

"Wageni, simu, jiwe, kanisa la zamani," alijisemea. "Hapa kuna hazina. Kama haipo, kesho asubuhi itakuwepo."

Mteja alimjua papo hapo: Mwenyekiti wa kamati ya ukarabati wa ukumbi, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye tumbo la vikao na miwani inayoteleza puani kila hela inapotajwa. Shida ilikuwa chambo. Inasemekana Mwenyekiti aliing'ata hata nishani aliyopewa siku ya kustaafu. Ilihitajika dhahabu ya kweli.

Dhahabu ya kweli ilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la vifungo. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa mjamzito. Vidole vilipovimba, pete aliyoachiwa na bibi yake ikahamia humo. "Baba kijacho," alimwambia siku ile, bila kupandisha sauti, "uliuza redio yangu, nikakusamehe. Ukauza kitanda cha mtoto kabla mtoto hajaja, nikakusamehe. Hii ukiigusa, usijisumbue kugonga mlango."

Manukato alijihakikishia kwamba hauzi, anaazima. Mkewe alikuwa amezama kwenye mapazia mazito ya kijani aliyokuwa akiyashona siku nyingi. Ya nani? Manukato hakuwahi kuuliza. Kazi za watu wengine zilimchosha.

Asubuhi chura na wenzake wakaingia mfukoni mwa Manukato, pete ikaingia kikoponi, na Mwenyekiti akaletwa.

"Wamisionari, mzee wangu," Manukato alinong'ona akisogeza jiwe. "Walizika mali yao humu wakaenda zao. Sasa wajukuu wao wanaifuata kwa simu. Hii ni sampuli tu."

Mwenyekiti aliipokea pete, akaigeuza, akaing'ata. Miwani ikateleza.

"Na nyingine?"

"Chini ya msingi. Simu inaonyesha penyewe, ila inataka kulipiwa ada ya ufunguo. Na hii tuirudishe, mzee. Ikitoka, wenyewe watashtuka."

"Kamati ijue?"

"Kamati ina midomo mingi."

"Kweli. Tena yote inakunywa chai," alisema Mwenyekiti kwa huzuni. "Basi kanisubiri mlango wa mbele, tusionekane pamoja. Nafuata ada."

Manukato akasubiri mbele, akiitumia ile ada kichwani, kuanzia viatu. Alipokwisha kuitumia yote, akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akazunguka nyuma mbiombio. Mwenyekiti alikuwa ameketi juu ya jiwe, anaifuta pete kwa leso. Kikoponi mlikuwa na filimbi ya shule.

"Mzee wangu, si tulikubaliana haitoki?"

"Mchezo una sheria, mwanangu. Ukitoa kitu, unaacha kitu."

"Mchezo gani?"

"Huu wa kikopo. Nimekificha mimi. Mjukuu wangu alinifundisha: unaficha, unatangaza mahali kilipo kwenye mtandao, watu wanakuja kukitafuta kwa simu. Wakishakipata wanaingia ukumbini, wanatoa chochote. Hazina hakuna. Kuna vifungo."

"Basi hiyo pete..." Manukato akakwama. Kusema ni yake ni kusema nani aliiweka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ulimi wake ulikosa pa kupita.

"Malizia. Ni ya nani?"

"Ya wamisionari," alisema kwa sauti ndogo.

"Pete hii nimeiona ikipita juu ya mapazia ya ukumbi huu mpaka vidole vya mkeo vikavimba. Unadhani nani anatushonea?"

Manukato akakaa chini bila kuangalia anakalia nini, shati na mikunjo yake yote.

"Tuelewane," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya kufunga kikao. "Rangi ipo stoo, ndoo kwa ndoo. Hela ya fundi ndiyo haipo."

"Imeenda wapi?"

Miwani ikateleza. "Kamati imekutana sana. Pete utaipata ukuta wa mwisho ukikauka."

Manukato alimtazama kwa heshima ambayo fundi humpa fundi mwenzake. "Na mimi ndiye naitwa tapeli."

"Wewe huna muhuri," alisema Mwenyekiti.

Basi akapaka. Jumapili ilitangazwa kwamba kijana mmoja amejitolea kwa moyo, na waumini wakampigia makofi akiwa juu ya ngazi, rangi ikimchuruzika kwapani, bila tone la manukato. Aliomba jambo moja tu: amalize kabla vidole vya mkewe havijapungua.

Ukuta wa tatu ulikuwa bado mbichi mkewe alipofika na mapazia, anatembea taratibu, tumbo mbele. Manukato akashuka ngazi mbiombio.

"Nilitaka kukushtukiza, mama. Unaonaje?"

"Pamependeza. Sikujua una mkono huu."

Akainama kuweka mzigo chini. Uzi ukachomoza shingoni mwake, na mwisho wa uzi ule ilining'inia pete.

Manukato akaikodolea macho. "Umeipata lini?"

"Siku ile ile. Mwenyekiti aliniletea kabla hujashika brashi."

"Na ukaniacha nipake siku zote hizi?"

Mkewe alichovya kidole kwenye ndoo, akaitazama rangi kwenye mwanga.

"Bado ukuta wa nyuma, baba kijacho," alisema. "Na ukimaliza, bakiza kidogo. Mlango wa nyumbani nao unataka rangi. Utaanza upande wa nje."