Vikopo vya Kwaya

Jumatatu, 4 Machi 1991

Jerono wangu amemaliza mwezi wa pili maabara. Sijisifu, nasema tu. Kitale nzima sijaona msichana mwingine wa kutoka upande wetu wa Mlima Elgon anayefunga jicho moja na kuona kwa lingine wadudu ambao hata shetani amewasahau. Malaria anaiona. Amiba anaiona. Mimi niliyeishia darasa la saba niliwahi kuchungulia hiyo hadubini, nikaona kope zangu mwenyewe. Zilikuwa nzuri.

Lakini leo kuna habari mbaya. Daktari Natwarlal, mwenye kliniki, amemwambia Jerono kwamba wanaokuja kupimwa ni wachache mno. Watu wanataka sindano, kupimwa hawataki. Mwisho wa mwezi ukifika hivi, maabara anafunga, na vitu vyote vya kupimwa vitakuwa vinatumwa Bungoma. Jerono atarudi nyumbani.

Nyumbani! Na nimeshatangaza kutoka Kiminini mpaka Sirisia kwamba mwanangu ni nusu daktari.

Atakayefurahi ni jirani yangu Rahab, Mama Absalom. Kijana wake ni karani kwenye kiwanda cha karatasi kule Webuye, na hatujanywa chai hata siku moja bila karatasi kuingia ndani ya chai. Juzi nilimwambia hiyo karatasi ya Absalom mwisho wake ni kuletewa Jerono aandikie majibu. Alimaliza mandazi yangu yote.

Lazima nifanye kitu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata. Kwaya ya akina mama! Si mimi ndiye mwenyekiti? Na si sisi tunaopika kwa harusi na matanga yote? Nimeenda kwa Daktari mwenyewe, nikamweleza kwamba watu wanaopikia umma wanafaa kujua hali ya matumbo yao. Amependa sana. Amesema kwa mara hii ya kwanza atawapima bure, na wakiona faida watarudi wenyewe.

Mke wake, Mama Sumitra, alikuwa hapo. Ndiye mwenye duka la vitambaa mlango wa pili, aliyetuuzia sare za kwaya. Ameomba kikopo na yeye, ili kututia moyo. Mama mzuri yule. Ni Mhindu, na kwao nyama haijavuka mlango tangu babu wa babu yake. Ni dengu na mboga tu, na bado ana nguvu ya kubishania bei mpaka mteja aombe maji.

Jerono ameandika majina kwenye plasta, akabandika vikopo kumi na viwili. Kila mtu alete choo chake Jumamosi asubuhi. Nimegawa vikopo baada ya mazoezi, kama mtu anayegawa zawadi za shule.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu. Vikopo vimerudi, na ndani ni hewa tupu.

Chelangat anasema mume wake alimuuliza ni uchawi wa aina gani huo. Wilkista anasema alijaribu lakini kikakataa, ati kikiitwa kwa jina huogopa. Mke wa pasta anasema anafunga na kuomba, kwa hivyo hakuna kitu huko. Halafu Rahab akasimama mbele ya sauti ya kwanza yote.

"Mama Jerono, mimi ninachoacha nyuma sikibebi kwa kikapu kupita nacho sokoni."

Walicheka mpaka wimbo ukaharibika.

Hata Mama Sumitra amenirudishia chake. Ameomba msamaha vizuri, dukani kumejaa watu, ataleta wiki ijayo. Sikumlaumu. Lakini Jerono ameshinda akisafisha vioo vyake, akiimba. Daktari ameambiwa kumi na viwili. Nitamwambia nini mtoto?

Jumamosi, 9 Machi

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Asubuhi hii nilikuwa na vyote viwili.

Juzi nilikuwa mpishi mkuu wa harusi kule Mabanga. Mpishi mkuu huonja. Mimi huanza kuonja nyama ya ng'ombe ikiwa bado nyekundu, ndiyo siri ya mkono wangu. Jana usiku nikaongeza maharagwe. Basi, sikukosa kitu.

Nimejaza vikopo vyote kumi na viwili, kwa haki, bila kupendelea. Cha Rahab nimepunguza kidogo.

Na sikuona ubaya wowote. Tumbo langu halijawahi kunisumbua, ni safi kama sahani ya mgeni. Akina mama wote watapata jibu zuri, Daktari atapata watu wake, Jerono atapata kazi. Nimefunika kikapu kwa kitambaa cha kwaya. Mwanangu amekipokea kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka.

Jumanne, 12 Machi

Nimeitwa kliniki. Nilivaa sare, nikidhani ni shukrani.

Mayai ya tegu. Yule mnyoo mrefu wa nyama isiyoiva. Kwa vikopo vyote!

Daktari alikuwa anatembea huku na huku. Alisema huu ni mlipuko, ati anapigia watu wa afya simu wafunge bucha zote za Kitale. Jerono akakataa kutia sahihi majibu hayo. Alimwambia kwa adabu kwamba watu kumi na wawili hawawezi kutafuna maharagwe kwa namna moja, na kwamba anaona hapo tumbo moja tu. Daktari akawa mkali, akasema hadubini haidanganyi. Jerono akasema ni kweli, haidanganyi, ndiyo maana hatii sahihi. Sijui ukaidi huu ameutoa wapi.

Daktari akaanza kusoma majina moja moja. Alipofika la kumi na moja akaacha kutembea. Akalisoma tena. Akamtuma mtu dukani.

Mama Sumitra alikuja na mkasi mkononi. Daktari alianza mbali sana, akamuuliza kama kuna mahali huwa anaalikwa. Mwishowe akalitoa swali lenyewe.

"Unaniuliza mimi," alisema Mama Sumitra polepole, "kama nimekula ng'ombe?"

Daktari alitazama mkasi. Mke wake akaendelea kwamba kikopo chake alimrudishia Mama Jerono, kikiwa kikavu. Wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nasoma kalenda ya ukutani.

"Mama," Jerono akasema. "Ni tumbo la nani?"

"Langu," nikasema. "Lakini nilikuwa nasaidia."

Mama Sumitra alicheka mpaka akatafuta kiti. Daktari hakucheka. Nilimwomba aniadhibu mimi, mtoto hana makosa. Akasema nimekaribia kufunga bucha zote na nyumba yake pia, na aliyemwokoa ni huyu msichana asiyetia sahihi hata tajiri wake akipiga kelele. Mtu kama huyo angependa kubaki naye. Lakini wagonjwa wako wapi?

Nimepewa dawa ya kutafuna. Ladha ni ya chaki.

Alhamisi, 21 Machi

Maneno yameenea kwamba kwaya yetu ina tegu. Sijui nani alisema. Nilimwambia Chelangat peke yake.

Harusi ya Sirisia wametafuta wapishi wengine. Rahab alikuja kwangu, hakubisha hodi.

"Tegu ni wako, bana, na jina ni langu!"

Nikamjibu kwamba jina husafishwa maabara. Akatoka. Na wote wakaenda, si kwa kikapu, mkononi! Rahab mbele, kikopo juu, akipita nacho katikati ya soko ili kila mtu aone anaenda kupimwa. Na wanalipa wenyewe. Nyuma yao wake wa majirani, kisha waume, kisha watu wa bucha kutetea nyama yao. Leo mlolongo ulifika mlango wa duka la Mama Sumitra, na watu wakisubiri wananunua vitambaa.

Wilkista amekutwa na minyoo ya safura, na dawa ameshapewa. Ameniletea kuku wa asante. Rahab hana kitu. Jibu lake ametundika sebuleni, juu ya picha ya Absalom.

Na Jerono ameandikwa kazi ya kudumu! Nimepanga yote vizuri sana, ingawa hakuna anayenipongeza.

Jumatatu, 25 Machi

Daktari anataka kufungua maabara nyingine Bungoma, ya kupima makohozi ya watu wa kifua kikuu. Jerono atakuwa mkubwa wake, lakini kwanza waone kama watu watajitokeza.

Jerono alinikalisha chini, akaniapisha kwa Biblia kwamba sitagusa tena choo cha kupimwa kliniki. Nimeapa kwa moyo safi. Makohozi hayakutajwa.

Kikohozi sina. Lakini nimeimba sauti ya tatu miaka mingi, kifua kipo, na tangu asubuhi niko nyuma ya nyumba nafanya mazoezi.