Gari Langu Lisilokunywa Oili

Naapa kwa mvi zangu zote, pamoja na zile zilizokwisha kung'oka: haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Chumvi ipo, lakini ya kuonja tu.

Kijiwe chetu ni benchi refu mbele ya duka la spea, ubavuni mwa gereji ya Fundi Spana. Asubuhi ile Tairi Kipara, dereva wa teksi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya matairi yake na wala si kichwa chake, alikuwa ameikodolea macho simu, kahawa inampoa mkononi.

"Jamani, sikieni kituko! Kuna bwana kamshtaki aliyemuuzia gari. Injini imemfia katikati ya daraja. Kuifungua, oili imekuwa lami! Miaka mitatu haijabadilishwa. Sasa anamwambia hakimu: 'Mimi sikuambiwa kama oili hubadilishwa. Nilijua gari linakuja na yake ya maisha.'"

Benchi zima tukaangua kicheko. Mwalimu peke yake alicheka kwa midomo.

"Mwalimu, mbona kicheko chako hakina upepo?" Tairi Kipara akamchokoza.

Mwalimu akakohoa. "Taa nyekundu ya oili. Kwenye gari langu imewaka tangu juzi. Na kesho nampeleka binti yangu chuoni. Kilomita mia nne, na masanduku yake yote."

Fundi Spana akachomoza kichwa kutoka chini ya gari la mteja. "Tangu juzi? Na leo umekuja nalo hapa?"

"Nimekuja polepole."

"Polepole! Mtu anakufa kwa kiu, wewe unamwambia atembee polepole?"

"Tena nimebandika plasta juu ya ile taa. Ilikuwa inaniumiza macho."

"Haki ya nani!" Tairi Kipara akapiga paja. "Kidonda kiko kwenye injini, plasta kwenye dashibodi! Na huyu ndiye aliyetufundishia watoto!"

Hapo nikaona busara inahitajika. Nikaweka kikombe chini, nikakunja nne.

"Mwalimu, usitishwe. Mafundi na hizo taa ni ndugu wa tumbo moja. Unaliona gari langu lile?" Nikalionyesha pale lilipoegeshwa, linang'aa. "Mwaka wa nane huu, sijalibadilishia oili. Boneti sijalifungua tangu mjukuu wangu azaliwe, na sasa yuko darasa la pili."

"Na linakwenda?"

"Linakoroma kama paka aliyeshiba! Siri ni kulisemesha. Kila asubuhi naligonga boneti mara tatu, naliuliza limeamkaje. Injini ni kama mke, Mwalimu. Ukiisemesha vizuri, haikudai kitu."

"Mzee Gia," Tairi Kipara akasema, "matairi yangu yana kipara, lakini uongo wako una nywele mpaka magotini."

"Wewe nyamaza. Mwaka juzi nilipanda mlima wa mnara, oili hakuna hata tone. Gari likanyonya umande wa barabarani, likafika juu limeshiba. Wakati wa kushuka ikazidi, nikamgawia jirani nusu lita!"

Wakacheka. Nami nilitaka wacheke tu. Kumbe Mwalimu hakuwa anacheka. Alikuwa anapiga hesabu.

"Miaka minane," akasema taratibu. "Basi mimi siku mbili tu zinanitia homa ya nini? Pesa ya oili bora nimnunulie binti godoro." Akainuka, funguo mkononi.

Fundi Spana akatoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa tambara. "Mwalimu, kaa kwanza. Mzee Gia, hebu tufungulie boneti lako."

"La nini? Unataka kulitia aibu gari la watu?"

"Fungua tu, mzee wangu."

Nikaingia kwenye gari kwa madaha. Nikavuta kitu, buti ya nyuma ikafunguka. Nikavuta kingine, kifuniko cha petroli kikaruka. Nikabonyeza cha tatu, maji yakarukia kioo na wipa zikaanza kucheza.

"Ya boneti ni hii hapa, chini ya usukani," Fundi akapenyeza mkono. "Imekuwa hapa miaka yote minane."

Boneti likainuka. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena, akakiinua. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali, imefika juu kabisa kwenye alama.

"Mmeona!" nikapaza sauti. "Imejitengeneza!"

"Na hii kadi nayo imejiandika?" Mwalimu alikuwa ameshainama kwenye kikadi kilichofungwa kwa waya kando ya injini. Akasoma kwa sauti ya darasani: "'Oili na chujio vimebadilishwa.' Tarehe ya wiki tatu zilizopita. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu," Fundi akajibu. "Na sahihi ya mwenye gari hapo chini ni ya mkewe."

Hata wipa nadhani zilisimama.

"Kila baada ya miezi minne, mzee akilala mchana, mama hulileta. Anasimama juu yangu kama msimamizi wa mtihani: oili, maji ya rejeta, pedi za breki, upepo wa matairi mpaka lile la akiba. Aliniambia, 'Fundi, usimwambie. Mwachie hadithi zake, mimi niachie breki.' Nikaitunza siri. Lakini siri isije ikamuua mtoto wa mtu njiani."

"Mimi ndiye niliyekuwa namtuma!" nikaruka.

"Ehe?" Tairi Kipara akainua simu. "Basi nimpigie shemeji atuthibitishie."

"Usimpigie!"

Kicheko kilichofuata kilitoa watu madukani. Mwalimu tu ndiye ambaye hakucheka. Alinitazama, akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, nilikuwa nimtie mwanangu kwenye gari langu lile."

Hilo lilinipata.

"Hukumu!" Tairi Kipara akagonga benchi kwa kikombe. "Oili ya Mwalimu na chujio lake, analipa bingwa wa umande!"

Sikukata rufaa. Fundi alifungua gari la Mwalimu, ikatoka oili nyeusi, haikujaza hata chupa ya soda. Akatikisa kichwa, akaniagiza dukani.

Nikaingia, shingo ndani ya kola. Muuza spea akaniona, akanyanyuka kwa heshima zote.

"Karibu, mzee! Leo umekuja mwenyewe? Mama kasafiri?"

Nikalipa bila kuomba punguzo.